Meli Zilizochelewa Kufika Archives

Leo nimejiaibisha mbele ya jiji zima, tena kwa kipaza sauti.

Nawaandikia kwa sababu sauti imeniishia. Nimerudi Kangemi, nimevua viatu, nimejifunika shuka mpaka kichwani, na chai ya tangawizi iko hapa karibu. Nawasimulia mimi mwenyewe kabla video haijawafikia. (Video iko. Binamu yangu wa Bungoma ameshaniuliza nimeanza huduma lini na kama nina ibada za jioni.)

Kwa msiojua, nimepata kibarua katika kampuni ndogo pale Westlands. Bosi wangu anaitwa Mwaniki. Kampuni yenyewe ni Mwaniki, mimi, na kiti kimoja tunachopokezana. Kazi yetu ni kutembeza watu kwa miguu huku tukiwasimulia historia, na safari yetu mpya ni ya Mombasa: ngome, bandari ya kale, meli za vita, nani alimpiga nani mizinga na kwa nini. Mwaniki aliniambia wazi kwamba nikiimudu safari hiyo, nimeajiriwa. Nisipoimudu, tushukuriane tuachane. Na mimi naitaka kazi hii mpaka naiota. Nimesoma habari za vita vya baharini usiku na mchana. Jirani yangu hapa ploti, Mama Brian, anajua majina ya sehemu zote za merikebu na hajawahi kushika kitabu chochote changu. Ukuta wetu ni mwembamba tu.

Tatizo lilikuwa moja. Bahari yenyewe sijawahi kuiona. (Maji mengi kabisa niliyowahi kuyaona ni Mto Nzoia ukiwa umefurika, na hayo niliyaona nikikimbia.) Mwaniki hakuwahi kuniuliza, nami sikuona haja ya kumsumbua kwa habari ndogondogo.

Wateja wetu wa kwanza ni chama cha akina mama wa kanisa moja la Loresho. Wamechanga muda mrefu waende Mombasa pamoja. Mwenyekiti wao ni Mama Ciku, mwanamke mfupi mwenye nyumba za kupangisha, na macho ya mtu anayemjua mpangaji atakayehama usiku kabla hata mwenyewe hajaamua. Mama huyo hauziwi mbuzi kwenye gunia. Chama chake kina desturi: wakitafuta mpishi wa harusi, kwanza anapika sufuria moja, wote wanaonja, ndipo anajibiwa. Basi akamwambia Mwaniki, "Huyo msichana wako tumwone kwanza. Na si kwa ofisi. Tumwone akitembea, akiongea, na watu wakipita."

Kwa hivyo leo mimi ndiye nilikuwa sufuria.

Mwaniki akanipangia njia kwa kidole juu ya meza. Jengo la Archives, lile la kumbukumbu za taifa katikati ya jiji, litakuwa ngome. Barabara ya City Hall Way itakuwa mlango wa bandari. Na kile kiziwa cha mashua pale Uhuru Park, hiyo ndiyo bahari kuu. "Wakiiona Mombasa wakiwa hapa Nairobi," akaniambia, "Mombasa yenyewe itakuwa rahisi." Nikakubali. Nilikuwa tayari kukubali hata angeniambia Globe Roundabout ni Unguja.

Saa za mchana nikafika Archives. Akina mama walikuwa wameshafika kabla yangu, wamevaa tisheti za zambarau zenye picha ya nanga mgongoni, kila mmoja na kofia, na kikapu cha pamoja chenye chupa za chai na mandazi. Nikajua hawa watu hawana mchezo. Mwaniki akapiga simu.

"Nekesa, anza tu. Jam ya magari imenishika hapa Westlands, hata sisongi. Nakuja."

"Bosi, nianze peke yangu?"

"Kwani Mombasa nitakuwa nimekushika mkono?"

Nikapanda juu ya jiwe moja pale kando, nikashika kipaza sauti. Hiki kipaza sauti Mwaniki alikinunua kwenye mnada wa vitu vya shule, na kitufe chake cha sauti kilikwama juu kabisa tangu enzi za mwalimu wa michezo. Ukinong'ona, mtu wa ng'ambo ya barabara anageuka.

"Karibuni Mombasa!" nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Jumamosi pale Archives unashindana na wauza soksi, makanga wanaoita abiria wa matatu, muziki wa maduka ya simu na kijana anayepiga kelele kwamba mikanda yake ni ngozi kweli. Akina mama wenyewe walikuwa wamezama kwenye habari za harusi fulani ambayo keki haikutosha. Nikajaribu tena. Nikapiga makofi. Nikakohoa. Mama Ciku peke yake ndiye alinitazama, na alinitazama vile mtu anavyoonja supu isiyo na chumvi.

Hapo ndipo mdomo wangu ukafanya uamuzi bila kunishirikisha.

Mnajua sisi tulivyo. Mkutano wa wazazi shuleni, mazishi, kikao cha ploti kuhusu maji, kelele zikizidi, anayetaka kusikilizwa anasema maneno mawili tu, na watu wananyamaza hata kama walikuwa wameshikana mashati. Nimeyasikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Basi yakanitoka.

"Bwana asifiwe!"

"AMINA!"

Jamani. Hawakuitika akina mama peke yao. Iliitika Archives yote. Wauza soksi waliitika. Makanga waliitika. Askari wa mlangoni wa duka la viatu alivua kofia. Wapenzi wawili waliokuwa wakigombana kando ya mlingoti wa taa waliacha, wakaitika, wakasahau kuendelea.

Hapo ningeshukuru nikashuka kwenye lile jiwe. Lakini nani amewahi kuiacha hiyo salamu ikiwa nusu? (Mimi si wa kwanza na sitakuwa wa mwisho.)

"Na tena, Bwana asifiwe!"

"AMINA!"

Watu wakaanza kusogea. Nikajiambia haidhuru, wakishasikia ni historia watakwenda zao. Nikaelekeza mkono kwenye jengo.

"Leo tunasimama mbele ya Fort Jesus!"

"Amina!"

"Ngome iliyozingirwa na maadui pande zote!"

"Ni kweli, mtumishi!"

"Wareno wamo ndani. Wamejifungia. Nje, Waarabu wa Omani wamezunguka na meli zao. Chakula kinaisha. Ugonjwa umeingia. Wakipanda juu ya ukuta kutazama baharini, hawaoni kitu!"

Mama mmoja aliyebeba sukuma wiki akaweka mzigo chini, akafumba macho. Nilitakiwa kushtuka, najua. Lakini niwaambie ukweli: nilifurahi. Miezi yote ile nilikuwa nausimulia ukuta, na sasa watu walikuwa wananisikiliza mpaka wanasahau kushika mifuko yao, na hapo ni Archives! Sauti ikapanda yenyewe. Nikaanza kutembea huku na huku. Nikachomoa leso mfukoni nikajipangusa jasho. (Leso hiyo ndiyo inayochekwa zaidi kwenye video.)

"Mwezi wa kwanza, meli haijaja!"

"Ooh!"

"Mwaka wa kwanza, wanaletewa msaada kidogo, wanasema sasa tumepona. Msaada unaisha! Mwaka wa pili, bado wamo ndani!"

"Ooh, Yesu!"

"Lakini kule mbali, ng'ambo ya bahari, kuna watu wamesikia shida yao. Wanapakia baruti. Wanapakia chakula. Wanatweka matanga. Meli ziko njiani!"

Hapo jamaa mmoja mbele yangu akainua mikono yote miwili. Alikuwa mtu mzima, koti la bei, jasho linamtiririka, na kiatu kimoja cha mtumba kikining'inia kidoleni.

"Napokea!" akapiga kelele. "Kontena yangu ya viatu iko kwa bahari! Kila siku agenti ananiambia inakuja, inakuja! Mtumishi, sema tena!"

"Meli ziko njiani," nikasema tena, kwa sababu ndivyo historia inavyosema.

"Mguse jirani yako!" akawageukia watu. "Mwambie, meli yako iko njiani!"

Watu wakagusana. Mbele ya macho yangu, Archives yote iligusana mabega na kuambiana meli ziko njiani. Yule askari wa duka la viatu alimgusa muuza soksi. Muuza soksi alimgusa mama wa sukuma wiki. Katikati ya umati niliona tisheti za zambarau, na katikati ya zambarau nikamwona Mama Ciku, amekunja mikono, hajamgusa mtu, ananitazama bila kupepesa. Nikajua kazi yangu iko kwenye macho hayo, na sikuweza kuyasoma.

Sasa mtaona shida niliyokuwa nayo. Ninyi mliosoma historia mnajua mwisho wa kisa hiki. Mimi pia nilikuwa naujua. Nilikuwa nautembelea usiku kitandani, maana ndio sehemu inayoniumiza zaidi. Ningeweza kusema meli zilifika, watu wakashangilia, tukaenda Uhuru Park tukanywa chai. Lakini Mama Ciku amekuja kuonja, na mimi siwezi kumwekea mtu uongo kwenye sahani. Nikavuta pumzi.

"Karibu miaka mitatu ikapita. Ndani ya ngome wakabaki watu wa kuhesabika. Usiku mmoja maadui wakapanda ukuta. Asubuhi ngome ikawa imeanguka."

Kijana wa mikanda akashusha mikanda yake.

"Na meli je?" akauliza yule jamaa wa kontena. Sauti ilikuwa ndogo.

"Meli zilifika."

"Amina!"

"Baada ya siku chache. Zikaona bendera juu ya ukuta ni ya watu wengine. Zikageuka, zikaenda zao."

Nawaambia, sijawahi kusikia jiji likivuta pumzi kwa pamoja.

"Zimegeuka zikaenda WAPI?" jamaa akapiga kelele.

"Zao... zilikotoka."

"Na viatu vyangu?!"

"Huyu ni nabii gani anarudisha meli?" akauliza makanga mmoja. "Manabii wengine huleta!"

"Nabii wa uongo!" akadakia mwingine.

"Madam, rudisha hizo meli hapa sasa hivi!"

"Siwezi!" nikajitetea, na kipaza sauti kikaupeleka utetezi wangu mpaka stendi ya mabasi. "Ni historia! Ilishatokea!"

"Kwa nini umetuinua mioyo basi?" akanilaumu mama wa sukuma wiki, na huyo ndiye aliyeniuma, kwa sababu alikuwa analia kweli.

Mama mmoja wa zambarau akajaribu kunisaidia. Aliita kutoka nyuma, "Lakini hao Wareno si walikuja wakajijengea ngome kwa mji wa watu? Wacha wakose meli!"

Watu wakafikiri. Wengine wakasema ni kweli, Wareno hawakualikwa. Wengine wakasema hata hivyo njaa ni njaa. Muuza soksi akauliza Waomani nao walikuwa wamealikwa na nani. Dakika chache tu, Archives iligawanyika pande mbili, Wareno huku, Waomani kule, na wanaume wakaanza kuoneshana vidole.

"Wewe uko upande gani?" makanga akamuuliza yule jamaa wa kontena.

"Mimi niko upande wa meli!" akalia.

Ndipo nikaguswa bega. Nikageuka, ni askari kanzu, mrefu, mpole, na wapole hao ndio wa kuogopa.

"Mhubiri, ruhusa yako iko wapi?"

"Mimi si mhubiri, afande."

"Watu wanalia. Wanagusana. Wanaitika amina. Na wewe si mhubiri?"

"Ni matembezi ya historia. Ya wanamaji."

Akatazama upande wa River Road. Akatazama upande wa Uhuru Highway. "Wanamaji," akarudia. "Hapa."

"Usimguse mtumishi wa Mungu!" wakapiga kelele wale wale waliokuwa wakiniita nabii wa uongo. (Nairobi nakupenda, lakini hueleweki.) Wakaanza kusukumana. Nikaona mambo yanaharibika, askari anatoa simu, mama mzee wa zambarau anayumba na chupa ya chai. Nikashikwa na hofu. Nikainua kipaza sauti, nikafanya jambo moja ambalo sikuwa nimelipanga maishani mwangu. Nilisema ukweli wote kwa mpigo mmoja.

"JAMANI NISIKIZENI! Mimi si nabii! Mimi si pasta! Mimi ni Nekesa wa Kangemi, niko kwa majaribio ya kazi, nafundisha mambo ya bahari, na BAHARI YENYEWE SIJAWAHI KUIONA!"

Ikasikika Archives. Ikasikika stendini. Ikasikika pia kwenye masikio ya Mwaniki, ambaye alikuwa ameshuka kwenye bodaboda sekunde hiyo hiyo, helmeti bado kichwani, mdomo wazi.

"Hujawahi nini?" akauliza.

Kipaza sauti bado kilikuwa mdomoni. "Kuiona," nikajibu, na jiji likasikia tena.

Wakaanza kucheka. Alianza kijana wa mikanda. Akafuata askari kanzu, ambaye alijaribu kujizuia akashindwa, akashika magoti. Muuza soksi akakaa chini. Watu walicheka mpaka wakashikiliana, Wareno na Waomani pamoja. Umati ukayeyuka huku ukipanguza machozi, na mimi nikabaki juu ya lile jiwe, leso mkononi, kazi imekwenda. Nilitamani lami ifunguke.

Mama Ciku akaja. Alikuja polepole, akina mama wengine nyuma yake. Mwaniki akaanza kuomba radhi, akainuliwa kidole kimoja, akarudi nyuma.

"Msichana," akasema. "Hujaiona bahari?"

"Sijaiona, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akageuka akawatazama wenzake. Kila mmoja akaanza kupata shughuli. Mwingine alifunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Wanjiru, wewe uliniambia ulienda na mume wako."

"Tulifika Voi," akasema Wanjiru. "Gari likaharibika."

"Mama Njoki?"

"Mimi niliiona kwa kalenda."

Hapo Mama Ciku akavua kofia, akajipepea. "Hata mimi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetua gunia. "Miaka yote hiyo ninyi mkisema mmeiona, nilikuwa naona aibu kuwa wa mwisho. Nikasema wacha tuchange twende, niione nikijifanya naikumbuka."

Walitazamana. Kisha akina mama wale wakacheka kicheko ambacho sitakisahau, wamelaliana mabegani, nanga zote zinatetemeka. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

"Sasa sikia," Mama Ciku akamwambia Mwaniki. "Nimesimama hapa kwa jua, na miguu yangu hii inayouma, na sikukumbuka miguu. Nilikuwa naiona hiyo meli. Ilipogeuka, nilitaka kupiga mtu. Huyu ndiye atatupeleka. Tukitaka aliyeiona, Mombasa wako wengi."

Mwaniki akanitazama. Akavua helmeti. "Umeajiriwa," akasema. "Lakini hicho kipaza sauti kitabaki Nairobi."

Tukamaliza matembezi mpaka Uhuru Park. Jamaa wa kontena alitufuata hadi kule, kiatu kidoleni, ananiomba angalau nimwambie yake haitageuka. Nilimpa mandazi. Tulipokuwa ukingoni mwa kile kiziwa, nikiwaonesha akina mama mahali ambapo meli za msaada zilitokea (palikuwa na bata), simu yake ikalia. Akasikiliza. Akarusha kiatu majini.

"IMEFIKA! Agenti amesema imetia nanga!"

Akapiga magoti mbele yangu, mbele ya watoto wa watu waliokuja kupanda mashua. Nikamwambia inuka, kaka, mimi si nabii. Akasema ndivyo manabii wote husema. Kesho asubuhi, ninasikia, kuna watu watakuwa wakinisubiri pale Archives na maombi yao, na wengine wana mizigo baharini.

Mimi kesho sitoki nyumbani. Mwezi ujao nakwenda kuiona bahari na akina mama wa Loresho, na tumekubaliana kwamba tukiiona, hakuna atakayejifanya anaikumbuka.

Ikikufikia hiyo video, tafadhali usinicheke. Na mguse jirani yako, umwambie naye asicheke.